MIGUU YA BATA WETU: TUITIBU VIPI NYUMBANI?



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, wengi wetu tunafuga bata uani. Bata hana makuu: huokota makombo, hula konokono na wadudu, na mayai yake hutusaidia kwa kitoweo. Lakini tukimwona anachechemea, ama tunasema "atapona mwenyewe", ama tunakimbilia kisu. Dini yetu inatufundisha kuwa mnyama tuliyemfungia ni amana, na tutaulizwa juu yake. Basi tuelezane namna ya kumtibu, na zaidi ya hapo, namna ya kumkinga.

Kwa nini miguu ya bata huumia?

Bata ameumbwa kwa ajili ya maji na ardhi laini. Mwili wake ni mzito na wayo wake ni laini. Tukimweka kutwa juu ya saruji, kokoto au mawe makali, wayo huchubuka. Akilala juu ya kinyesi na majimaji, ngozi hulowa na kupasuka. Mwiba au kigae cha chupa nacho hufungua njia. Hapo vijidudu huingia, hasa wale waitwao stafilokoka. Wayo huvimba, huwa wa moto, na mara nyingi katikati hutokea kigaga cheusi. Tukipuuza, usaha hugeuka mgumu ndani ya mguu, na maradhi huweza kufika kwenye viungo na mifupa.

Tufanye nini?

1. Tumshike vizuri. Tusimkamate bata kwa mguu, wala tusimning'inize kichwa chini. Miguu yake ni dhaifu na huteguka upesi. Tumbane mabawa kwa mikono miwili, tumpakate, tumfunike macho kwa kitambaa ili atulie.

2. Tuukague mguu. Tutazame wayo, katikati ya vidole na kwenye utando. Uzi, nywele au kamba ya nailoni ikijizungusha kidoleni huzuia damu, na kidole huweza kufa. Tuikate pole pole kwa mkasi mdogo. Mwiba unaoonekana tuuchomoe.

3. Tuuloweke. Tuchukue maji ya uvuguvugu lita moja, tutie vijiko viwili vya chai vya chumvi, tuuloweke mguu kwa dakika 10 hadi 15, asubuhi na jioni. Tuangalie asiyanywe maji hayo.

4. Tuukaushe na kupaka dawa. Tuufute kwa kitambaa safi, tupake dawa ya ayodini ya kusafishia vidonda, tufunike kwa shashi na plasta bila kukaza. Tubadilishe kila siku.

5. Tumtenge mahali pakavu penye maranda safi au makapi ya mpunga. Asiogelee mpaka kidonda kifunge, ila tumwekee chombo cha maji kinachotosha kuzamisha kichwa, kwani bata husafisha macho na pua zake kwa maji.

Tusipasue uvimbe kwa wembe. Ndani ya wayo mna mishipa na kano, na bata huweza kuvuja damu nyingi au kuambukizwa zaidi. Baada ya siku tatu au nne asipopata nafuu, au akiwa hakanyagi kabisa, au uvimbe umepanda juu, tumwite mtaalamu wa mifugo. Akimpa dawa ya kuua vijidudu, tumuulize ni siku ngapi tusile mayai wala nyama yake.

Vifaranga

Kifaranga cha bata kikipinda miguu au kikishindwa kusimama bila kidonda chochote, huenda kimepungukiwa na niasini, yaani vitamini B3. Bata huhitaji niasini nyingi kuliko kuku, takriban miligramu 55 katika kila kilo ya chakula, kwa hiyo chakula cha vifaranga vya kuku huenda kisimtoshe. Tumchanganyie dagaa waliosagwa na pumba za ngano, na tumwone mtaalamu mapema, kwani mguu ukishakomaa umepinda haunyooki tena.

Dawa kubwa ni banda

Mwaka jana tulimtibu bata wetu mmoja akapona, tukamrudisha pale pale kwenye saruji yenye majimaji. Haukupita muda akachechemea tena. Ndipo tulipofahamu kuwa tulitibu mguu tukaacha ugonjwa bandani. Tulimwaga mchanga, tukatandika maranda, tukasogeza chombo cha maji mbali na mahali pa kulala, tukaokota vigae na misumari. Tangu hapo mguu ule haujavimba tena.

Mambo ya kukumbuka

Vijidudu hivyo humpata binadamu pia, basi mwenye kidonda mkononi avae glavu, na sote tunawe kwa sabuni. Kinyesi cha bata ni najisi kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii, kwa hiyo tusivae nguo ya sala bandani. Na anayetaka kumuuza bata mgonjwa amweleze mnunuzi aibu yake, kwani kuificha si halali.

Wanafunzi, leo jioni kabla hamjafunga banda, mgeuzeni kila bata mtazame nyayo zake. Ni kazi ya dakika chache tu.

Wabillahi tawfiq.