Jeni 70 zinazosaidia kuamua nani apewe kemotherapi

Mwanamke akishaondolewa uvimbe wa saratani ya matiti, swali linalobaki ni moja: je, ugonjwa utarudi? Kwa miaka mingi madaktari walijibu kwa kuangalia ukubwa wa uvimbe, umri wa mgonjwa na kama saratani imefika kwenye tezi za kwapani. Kwa kuhofia kukosea, waliwapa wengi kemotherapi. Baadhi yao walinyonyoka nywele na kudhoofika bila ya kufaidika chochote.

Mwaka 2002 watafiti wa Taasisi ya Saratani ya Uholanzi, mjini Amsterdam, walitangaza njia nyingine. Walipima ndani ya uvimbe jeni zipi zinafanya kazi kwa nguvu na zipi zimelala, wakapata 70 ambazo kwa pamoja huashiria kama saratani ina uwezekano mkubwa au mdogo wa kusambaa. Tufahamishane hapa: kipimo hiki hakitafuti jeni mbovu za kurithi. Kinaangalia tabia ya uvimbe wenyewe.

Matokeo ya utafiti wa MINDACT, uliowahusisha wanawake 6,693 wa Ulaya, yalitolewa mwaka 2016. Walikuwapo walioonekana kuwa hatarini kwa vigezo vya kawaida, lakini jeni zikasema hatari ni ndogo. Kati ya wale ambao hawakupewa kemotherapi, karibu asilimia 95 walikuwa hai baada ya miaka 5, saratani ikiwa haijasambaa mbali. Hata hivyo, ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha kuwa walio chini ya miaka 50 bado hupata faida kiasi kwa kemotherapi.

Na sisi Waafrika je? Nchini Marekani, utafiti wa TAILORx wa kipimo cha jeni 21, uliotolewa mwaka 2018, ulikuwa na wanawake zaidi ya 10,000, lakini weusi walikuwa karibu asilimia 7 tu. Alama zao zilifanana na za wazungu na matibabu yalilingana, ila hali zao baadaye zilikuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo alama ndogo si hakikisho.

Isitoshe, vipimo hivi huwafaa zaidi wenye saratani inayochochewa na homoni. Aina isiyo na vipokezi vya homoni wala HER2, ambayo huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, haihusiki.

Basi ndugu zetu mlioko ughaibuni, mkiombwa na jamaa wa nyumbani mchangie maelfu ya dola kwa kipimo cha jeni, ulizeni kwanza: je, uvimbe umepimwa homoni na HER2? Kipimo hicho ni cha bei nafuu zaidi, na ndicho kinachoonyesha dawa ipi itafaa. Bila majibu yake, cha jeni hakina pa kuanzia. Na uamuzi wa kuacha kemotherapi ufanywe na mgonjwa pamoja na daktari wake.