Nyumba na Malaria (4): Msanifu wa Magoda

Mafuriko yameirudisha Ifakara kwenye habari. Mto Lumemo ukishashuka, familia zitaanza tena kukandika kuta, na kosa lile tulilolijadili wiki zilizopita, mwanya kati ya ukuta na paa unaoingiza mbu, litajengwa upya.

Ndiyo sababu ya kumtazama Jakob Knudsen, msanifu wa Denmark aliyefundisha na kuongoza shule ya usanifu mjini Copenhagen huku akichora katika ofisi ya Ingvartsen. Yeye na daktari Lorenz von Seidlein walisimamisha nyumba sita Magoda, Muheza, mwaka 2014 na 2015: kuta zinazopitisha hewa, madirisha yenye wavu, nyingine na vyumba vya kulala ghorofani. Katika za ghorofa mbu walipungua kwa asilimia 96. Nyumba hizo mpya zilikuwa na joto pungufu kwa nyuzi 2.3, jambo kubwa, kwani anayetokwa jasho hukitupa chandarua pembeni. Mtwara zikafuata nyumba 110, familia zikipatikana kwa bahati nasibu. Fremu zake ni za chuma chepesi, cha aina ambayo mashine huikata kwa kufuata mchoro wa kompyuta.

Lakini wazo la kuwazuia mbu kwa wavu ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1900, karibu na Ostia, Italia, madaktari Sambon na Low walihamia kibanda chenye wavu wa waya katikati ya kinamasi cha malaria. Jua likizama wanajifungia, likichomoza wanatoka. Majirani waliugua, wao hawakuugua. Ushahidi umekaa mezani zaidi ya karne nzima, na bado tunaacha mwanya kati ya ukuta na paa! Ni uzembe wetu sote, wasomi tukiwa wa kwanza.

Ifakara haina kisingizio. Maabara aliyoianzisha Rudolf Geigy katika miaka ya 1950 ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara, ambako watafiti kina Fredros Okumu wamejaribu tepe za katani zenye dawa kwenye mwanya huohuo. Wanajua pia kwamba mbu aina ya funestus, mpenda nyumba, hubeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi katika bonde la Kilombero.

Kulala juu nako si kugeni kwa mkulima wa mpunga anayelinda shamba akiwa kwenye dungu. Nyumba ya Mtwara ni ghali kwake. Wavu wa kuziba mwanya haumshindi. Halmashauri inapoorodhesha bati na misumari kwa waathirika, iandike na wavu, pamoja na fundi wa kuukaza kabla paa halijaezekwa.