Kutu Katika Bastola ya Michezo

Na Mtunza Vifaa vya Michezo, Kidato cha III

Waliohudhuria mashindano yetu ya riadha mwisho wa Mei watakumbuka kwamba mbio za mita 100 zilianzishwa kwa kugonganisha mbao mbili. Wazazi wengine walicheka, na wengine walidhani ndiyo desturi yetu. La, si desturi. Bastola ya kuanzishia mbio ilikuwamo mkononi mwa Bwana Mwalimu wa Michezo, ila nyundo yake ilikataa kurudi nyuma. Ilikuwa imeshikwa na kutu. Mhariri ameniomba nieleze jambo hilo, nami nimekubali, maana kosa lilikuwa langu na aliyelaumiwa alikuwa mtu mwingine.

Kwanza wazazi wasiogope. Bastola hii haipigi risasi. Mtutu wake umezibwa tangu kiwandani, na kinacholia ndani yake ni fataki, vile vikombe vidogo vinane vya plastiki vilivyopangwa duara. Hata hivyo hufungiwa katika kabati la chuma ndani ya stoo, ufunguo hukaa kwa mwalimu, na kabati halifunguliwi pasipo yeye kuwapo. Lakini nyundo yake, silinda yake na springi zake ni za chuma kama za bastola yenyewe, na maradhi yake ni yale yale.

Kwa miaka mingi mzee wetu wa stoo ndiye aliyekuwa akiisafisha kila baada ya michezo. Namna yake ilikuwa hivi. Alikwenda jikoni kuomba birika la maji yanayochemka, akafungua vibao vya kitako, kisha akamimina maji yale juu ya nyundo na ndani ya silinda mpaka birika likaisha. Akaikung'uta, akaianika juani, na mwisho akaipaka mafuta ya cherehani.

Mwezi wa Februari, nilipochaguliwa kuwa mtunza vifaa, nililiona jambo hilo kwa macho yangu nikashtuka. Chuma na maji! Mimi niliyekwisha kujifunza habari za kutu darasani nilijiona nina ujuzi kuliko mzee yule, nikaenda kumshtaki kwa mwalimu. Mzee akaambiwa aache, na kazi nikapewa mimi. Basi niliifuta kwa kitambaa kikavu, nikaipaka mafuta mengi hata yakachuruzika, nikaitia katika ala yake ya ngozi, ikafungiwa. Ikaja masika. Mwisho wa Mei nyundo haikutoka.

Watu wote walisema kwamba maji ya mzee ndiyo yaliyoiharibu, ila madhara yake yamechelewa kuonekana. Mzee akaitwa ofisini. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nami sikusema neno.

Aliyetia shaka ni Bwana Mwalimu wa Kemia. Aliuliza swali moja tu: kama maji ya moto huharibu bastola, mbona ilidumu miaka yote ile bila kutu, ikaharibika katika miezi mitatu ya kukaa bila maji?

Wasomaji waliofika kidato cha pili wanalijua lile jaribio la misumari mitatu katika neli za kioo. Msumari uliomo katika hewa iliyokaushwa hauingii kutu. Uliomo katika maji yaliyochemshwa, yakafunikwa kwa mafuta ili hewa isiingie, hauingii kutu. Ule wenye maji na hewa pamoja ndio unaoliwa. Yaani kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji. Tena kutu ina tabia mbaya kuliko ukungu wa madini mengine. Sufuria ya aluminiamu nayo huungana na oksijeni, lakini utando wake hushikamana vizuri ukawa kama ngozi ya kuikinga. Kutu ya chuma huvimba, hupasuka na kumenyeka, ikaacha njia kwa maji na hewa kuingia ndani zaidi.

Hayo niliyajua. Nisilolijua ni habari ya chumvi. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kuingia kutu ni kazi ya vijiumeme vidogo vinavyopita katika chuma kutoka mahali hata mahali. Kwa hiyo penye chumvi kutu hukimbia. Tena chumvi huyaita maji. Kila mtu wa pwani ameona chumvi ya mezani inavyolowa wakati wa masika bila mtu kuimwagia tone. Hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huanza kuyanywa maji kutoka hewani ikayeyuka. Usiku wa masika hapa kwetu, mwendo mfupi kutoka baharini, hewa hupita kiasi hicho mara nyingi.

Lakini nani alitia chumvi katika bastola? Nilidhani ni upepo wa bahari, au jasho la mikono yangu, na kweli alama ya kidole chenye jasho huweza kuonekana katika chuma siku chache baadaye, imeandikwa kwa kutu. Bwana Mwalimu akasema tutazame fataki yenyewe. Ndani yake mna fosforasi nyekundu na klorati ya potasi. Nyundo ikigonga, klorati hutoa oksijeni yake, fosforasi ikaungua kwa mlio na moshi mweupe, na klorati iliyopoteza oksijeni hubaki kloridi ya potasi, ndugu yake chumvi ya mezani. Moshi ule mweupe nao ukikutana na unyevu hugeuka asidi. Basi kila tulipoanzisha mbio tulikuwa tukiinyunyizia bastola chumvi na asidi.

Tulikwangua masizi kidogo katika silinda, tukayakoroga katika maji yaliyokenekwa, tukachuja, tukatia matone ya asidi ya nitriki na kisha nitrati ya fedha. Mara ile maji yakawa meupe kama tui. Katika neli ya pili, yenye maji yaliyokenekwa peke yake, hayakubadilika hata kidogo. Hiyo ndiyo alama ya kloridi.

Jaribio la pili ndilo lililonitia aibu. Tulisugua misumari mitatu kwa msasa mpaka ikang'aa. Wa kwanza tuliupaka mafuta ya cherehani tu. Wa pili tuliupaka masizi ya fataki, kisha mafuta mengi juu yake, kama nilivyofanya mimi. Wa tatu tuliupaka masizi, tukauosha kwa maji yanayochemka, tukaukausha, ndipo tukaupaka mafuta. Yote tukaitundika kwa uzi ndani ya chupa kubwa yenye maji kidogo chini yake, tukaifunika. Siku ya nane msumari wa kwanza na wa tatu ilikuwa mizima. Wa pili ulikuwa na madoa mekundu chini ya mafuta.

Sababu yake ni hii. Chumvi haiyeyuki katika mafuta. Ukimimina mafuta juu yake umeifunika tu, wala hukuiondoa, na utando wa mafuta ni mwembamba, unyevu huupenya polepole. Maji ndiyo yanayoyeyusha chumvi na kuichukua. Yakiwa ya moto huyeyusha zaidi, tena huacha chuma kikiwa na joto hata kikakauka chenyewe. Jambo hili si geni duniani. Mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, alipata hati mwaka 1807 ya kuwasha baruti kwa kugonga, na tangu zamani zile dawa zenye klorati zilijulikana kwa kuharibu chuma. Mwaka 1922 mkemia wa Marekani, Wilbert Huff, aliandika juu ya kutu inayofanyika chini ya mafuta, akaonyesha kuwa mwenye kuharibu mitutu ni ile kloridi ya potasi. Na askari wa jeshi la Kiingereza waliokuwa na bunduki za Lee-Enfield walifundishwa kumimina maji yanayochemka mtutuni kwa faneli baada ya kupiga.

Hapo ndipo tulipojua ujuzi wa mzee ulitoka wapi. Baba yake alikuwa askari wa K.A.R., akapelekwa Burma wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, na desturi ile aliileta nyumbani. Mzee hakuambiwa habari za klorati. Aliambiwa tu kwamba bunduki isiyooshwa kwa maji ya moto hulia usiku.

Jioni ile nilikwenda kwa Bwana Mkuu wa Shule nikamweleza yote. Kisha nikaenda stoo. Nikasema, "Shikamoo, mzee," nikamwomba radhi. Akaitikia marahaba, akanyamaza kitambo, halafu akaniuliza kama birika la jikoni bado lipo.

Sasa nieleze tulivyoiponya, maana wengi wana majembe na mapanga yenye taabu hiyo hiyo. Mwalimu alihakikisha kwanza kwamba silinda ni tupu. Vibao vya kitako vikatolewa, na chuma kikalazwa katika mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi nyundo ilitoka kwa kuvutwa taratibu. Mimi nilikuwa nimeleta msasa, lakini mzee aliuchukua akautia mfukoni mwake. Ule weusi wa buluu wa bastola ni utando mwembamba uliotiwa kiwandani, nao huikinga kidogo, na msasa huuondoa pamoja na kutu. Badala yake tulitumia senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati. Ni ya shaba, laini kuliko chuma cha bastola, kwa hiyo hukwangua kutu isikwaruze chuma.

Kisha tuliosha mafuta ya taa yote kwa sabuni, kwani hayo na jiko haviwekwi pamoja, tukaichemsha bastola nusu saa katika sufuria safi ya maji ya mvua. Ilipotolewa, ile kutu nyekundu iliyobaki ilikuwa imegeuka nyeusi. Bwana Mwalimu alisema si mazingaombwe. Kutu nyekundu ikichemshwa hugeuka aina nyingine ya oksidi, nyeusi, ambayo haili chuma, na weusi wa bastola wenyewe ni wa namna hiyo. Tuliisugua kwa nyuzi laini kabisa za chuma zenye mafuta, na vumbi jeusi likatoka. Vishimo vichache vimebaki katika nyundo, na hivyo havitaondoka, kwa sababu chuma kilicholiwa hakirudi.

Kwa kuitunza, ile ala ya ngozi imetupwa. Ngozi hufyonza unyevu na kuushika, tena mara nyingi ina chumvi na asidi za kiwanda cha ngozi. Sasa bastola hukaa katika kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vya chembe nyeupe vinavyokuja katika masanduku ya viatu, vilivyokaushwa upya. Mwenzangu mmoja alitaka kutia kloridi ya kalsiamu ya maabara. Tukamkataza, kwa kuwa hiyo ikishiba maji huwa uji wa chumvi. Mafuta ya nazi vilevile hatutumii, maana huchacha na kuwa na asidi. Ya cherehani yanatosha, tena kidogo tu.

Mzazi mwenye bastola yenye kibali asidhani kuwa lazima aichemshe. Risasi za siku hizi nyingi hazina klorati, na mafuta ya kusafishia hutosha. Lakini zile za zamani za kijeshi nyingi zinayo, na jasho na ala ya ngozi havichagui bastola.

Ya kwetu hufunguliwa kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, mwalimu akiwapo. Mara ya mwisho mzee alipitisha kitambaa cheupe chini ya nyundo, akakitoa, akakishika juani. Kilikuwa na alama ndogo ya kijivu. Nikarudi jikoni kuomba maji.