Mchezo wa Video Dhidi ya Mapenzi ya Vitisho

Februari 2006, Jennifer Ann Crecente, msichana wa miaka 18, aliuawa na mpenzi wake wa zamani huko Austin, Marekani. Baba yake, Drew, alianzisha taasisi ambayo tangu 2008 hushindanisha wabunifu wa michezo ya video kuhusu ukatili katika mapenzi ya vijana, kwa sharti moja la busara: mchezo wenyewe usiwe na ukatili.

Katika Grace's Diary, mmoja wa michezo hiyo, mchezaji hutafuta dalili kwamba rafiki yake anateswa, kisha huchagua maneno ya kumwambia.

Shule za Mbinga na Mbamba Bay, Tanzania, zinaweza kuanza mchezo kama huo kwa karatasi tu, na somo lake ni hili. Kumpekua mwenzako simu, kumtenga na marafiki: hayo si mapenzi. Mtoto anayeonewa apige simu namba 116, bure.