Mbu apimwe kabla ya mgonjwa

Mtu akifika zahanati ana homa na viungo vinamuuma, jambo la kwanza ni kupimwa malaria. Kipimo kikionyesha hana, mara nyingi hupewa dawa za maumivu na kuambiwa akapumzike. Kumbe huenda ana dengue au chikungunya, na pengine si wa kwanza mtaani kwake. Mbu aliyemuuma leo na kunyonya kirusi cha dengue atakuwa tayari kumwambukiza jirani baada ya siku 8 hadi 12 hivi. Ndiyo maana sisi tunaochunguza wadudu tunasisitiza: mbu mwenyewe apimwe, tena mapema.

Kazi huanzia kwenye mtego. Mbu jike hufuata hewa ya ukaa tunayoitoa tukipumua, kwa hiyo kando ya mtego wa taa huwekwa barafu kavu, ambayo hutoa hewa hiyohiyo. Akikaribia, feni ndogo humvuta hadi kwenye mfuko wa neti. Mtego huo huwafaa wanaoruka usiku. Aedes aegypti, mwenezaji mkuu wa dengue, huuma mchana, kwa hiyo hutegewa kwa harufu ya kutengenezwa inayofanana na ya ngozi ya binadamu. Mbu aina ya Culex anayetafuta pa kutaga huvutwa na beseni la maji yaliyolowekwa nyasi hadi yakanuka.

Asubuhi mbu hukusanywa na kugandishwa haraka, kwani vinasaba vya virusi hivi huharibika upesi kwenye joto. Maabarani hutandazwa juu ya sahani ya baridi, chini ya darubini. Aedes aegypti hajifichi: ana pete nyeupe miguuni na mistari myeupe iliyopinda mgongoni. Kila mbu hutengwa kwa aina, jinsia na mahali alikonaswa, kisha wa kundi moja hutiwa kwenye kichupa, mara nyingi wasiozidi 50, wakasagwa pamoja na kupimwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Kumpima mmoja mmoja kungemaliza fedha bure, maana hata wakati wa mlipuko, mbu wenye kirusi huwa wachache sana kati ya wengi.

Jike aliyeshiba damu huwekwa kando. Kirusi kikionekana kwake, huenda kimo tu kwenye damu aliyoinyonya, naye hana uwezo wa kukieneza. Ili aambukize, kirusi lazima kipenye utumbo, kisambae mwilini na kufika kwenye tezi za mate. Kwa hiyo mtaalamu makini hapigi mbiu kwa sababu ya kichupa kimoja. Huchunguza pia miguu na mate ya mbu, na huotesha kirusi kwenye seli kuhakikisha kwamba ki hai.

Kazi hii si ngeni kwetu. Taasisi ya kuchunguza homa ya manjano ilianzishwa Entebbe, Uganda, mwaka 1936. Mwaka 1947, watafiti wake waliweka tumbili kwenye vizimba katika msitu wa Zika wakiitafuta homa hiyo, wakakuta kirusi kisichojulikana, kilichopewa jina la msitu huo. Mwaka uliofuata wakakipata ndani ya mbu Aedes africanus wa msitu huohuo. Zika ilipotikisa Brazil mwaka 2015, kirusi chake kilikuwa kimeshajulikana kwa zaidi ya miaka 60.

Hata hivyo, kujua peke yake hakutoshi. Mayai ya baadhi ya Aedes hukaa miaka kwenye udongo mkavu wa mabonde, mengine yakiwa tayari na kirusi cha homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo na watu, yakisubiri mafuriko. Mwaka 2006, wataalamu waliosoma picha za setilaiti walionya kwamba mvua kubwa ingeamsha ugonjwa huo Afrika Mashariki. Desemba ukathibitishwa Garissa, Kenya. Zaidi ya watu 150 walifariki nchini humo, na mwanzoni mwa 2007 ulikuwa umeingia Tanzania. Onyo lilitangulia, lakini chanjo ya mifugo na maandalizi mengine yalichelewa.

Kwa hiyo mitego itegwe hata mwaka usio na mlipuko, na majibu yake yamfikie afisa afya na afisa mifugo wa kata, yasiishie kwenye majarida ya kitaaluma. Bajeti ya afya itambue kwamba kusubiri wodi zijae ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote.

Nawe msomaji una sehemu yako. Watafiti wakija na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa kuomba kutega uani kwako, wakubalie. Na kila wiki mwaga maji ya ndoo, makopo na matairi, usugue kuta za pipa ndipo ulifunike, kwa sababu mayai ya Aedes hung'ang'ania ukutani hata maji yakiisha.