Ubeberu Ulivyoingia Unguja: Sababu na Visingizio

Ubeberu wa Ulaya wa karne ya 19 ulisukumwa na mambo mengi, na machache kati yake ndiyo yaliyosemwa hadharani. Viwanda vilitaka malighafi na masoko, mataifa yalioneana wivu, na silaha mpya zilirahisisha uvamizi. Lakini majukwaani ilitajwa dini, ustaarabu na kukomesha utumwa. Unguja inafaa kuchunguzwa, kwani hapa Waingereza walikaa karibu miaka 50 wakiwa marafiki wa Sultani kabla ya kuwa watawala.

Kilichowaleta kwanza ni India. Aliyeishika Bahari ya Hindi ndiye aliyelinda njia ya kufika huko, na Uingereza ilimhofia Mfaransa. Kwa hiyo ilifunga mkataba na Oman mwaka 1798, na Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, urafiki huo ulimfuata. Mwaka 1841 Atkins Hamerton akawa balozi wa kwanza wa Uingereza mjini. Biashara ilikuwa imeshamiri: karafuu, pembe za ndovu, sandarusi, na kitambaa cha merikani. Sehemu kubwa ya mtaji ilikuwa mikononi mwa Wahindi kama Jairam Shivji, aliyekodi forodha, na baadaye Tharia Topan. Uingereza iliwahesabu Wahindi kuwa watu wake, hivyo balozi akapata njia ya kuingilia biashara, madeni na hukumu.

Seyyid Said alifariki 1856, na wanawe Majid na Thuwaini wakagombania urithi. Uamuzi ulitolewa 1861 na Canning, aliyetawala India kwa niaba ya Malkia wa Uingereza: Oman na Zanzibar zitengane, na Zanzibar iilipe Oman riale 40,000 kila mwaka. Dola moja ikawa mbili, zote dhaifu kuliko ile ya awali.

Katika visingizio vyote, kilichotumika zaidi ni utumwa. Uovu wenyewe haukuwa wa kubuni. Maelfu ya watu waliswagwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakapakiwa majahazini Kilwa na kuuzwa Unguja, wengi wakaishia kwenye mashamba ya karafuu. Wamisionari na wanaharakati wengi wa Uingereza walichukizwa kwa dhati. Lakini serikali yao iliitumia chuki hiyo kwa hesabu zake. Kimbunga cha 1872 kilimwacha Seyyid Barghash, Sultani wa wakati huo, na mikarafuu iliyong'oka na hazina tupu. Mwaka uliofuata, kwa tishio la manowari kukizingira kisiwa, Balozi John Kirk alimfanya atie saini, tarehe 5 Juni 1873, mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Penye soko la Mkunazini likajengwa kanisa la Kianglikana. Utumwa wenyewe visiwani ukabaki halali.

Hoja ya ustaarabu ilikuwa dhaifu zaidi. Barghash alileta mtambo wa kuchapia, akavuta maji ya bomba kutoka Chemchem hadi mjini, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib. Mji wa namna hiyo haukuwa ukingoja kufundishwa ustaarabu.

Wajerumani ndio walioharakisha mambo. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alikusanya mikataba bara, Usagara na jirani zake, na Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake Agosti 1885. Kirk, aliyekuwa akimhimiza Barghash miaka yote aitegemee Uingereza, aliagizwa na London asiwazuie Wajerumani. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilimwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Julai 1890 Ujerumani ikakubali Zanzibar iwe chini ya Uingereza, na yenyewe ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Himaya ikatangazwa Novemba mwaka huohuo.

Maana ya ulinzi huo ilionekana tarehe 27 Agosti 1896. Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti cha usultani bila idhini ya Waingereza. Manowari zao zikalipiga kasri kwa mizinga kwa takriban dakika 38. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wa kasri. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Hamoud bin Mohammed akatawazwa mahali pa Khalid.

Amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa ilitolewa 6 Aprili 1897, zaidi ya miaka sita baada ya himaya kutangazwa. Fidia walilipwa mabwana. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mahakamani kuuomba, kisha aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Serikali iliogopa kwamba karafuu zingekosa wachumaji na ushuru ungeanguka. Mwaka 1913 Zanzibar ilihamishiwa Wizara ya Makoloni mjini London, na himaya ilidumu hadi 10 Desemba 1963.