Jina la Chuo Lisiwe Kipimo

Msichana amalizaye masomo katika shule ya Masista ya Kifungilo, wilayani Lushoto, akipenda kuendelea katika vyuo vikuu vya Kikatoliki, hukabiliwa na swali zito: aende wapi? Mara nyingi jamaa hujibu kwa niaba yake, na hujibu kwa kutaja chuo chenye jina kubwa.

Vyuo hivyo ni vya mamlaka moja, Baraza la Maaskofu Katoliki. Vinavyotofautiana ni kazi. Chuo cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, kilichozaliwa mwaka 1998 kutokana na chuo cha Nyegezi, kina sifa ya uandishi wa habari. Bugando, katika jiji hilo hilo, hufundisha udaktari penye hospitali ya rufaa. Mwenge, Moshi, asili yake ni ualimu. Ruaha, Iringa, hufundisha sheria.

Hapana faida kushindana kwa fahari. Binti aliyeumbwa na moyo wa ualimu, akisukumwa kusomea sheria ili nyumbani wajisifu, atapoteza miaka yake, na deni la mkopo litamngoja vilevile.

Tunawaomba maofisa wa elimu, Bara na Visiwani, wahakikishe kwamba mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu unafika shuleni mapema, na kwamba wazazi wanaelezwa yaliyomo kwa Kiswahili, ili mzazi wa Usambara na wa Pemba waamue kwa kujua. Nao wazazi wamsikilize binti kwanza.